Kinga za Kuazima

Mama yangu alikuwa hawezi kushika sahani bila kuiinamisha. Ukimpa sahani tupu, kisahani cha kikombe, kifuniko cha sufuria, chochote kilicho bapa, mikono yake ilianza yenyewe: mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia, huku ameikazia macho pale katikati. Wageni walidhani anatafuta uchafu, wakaona haya. Baba alisimulia kwamba siku alipompeleka kwao mara ya kwanza, mchumba huyo aliinamisha sinia mpaka vikombe vikateleza, na bibi akamvuta mwanawe pembeni akamuuliza kama binti ana wazimu au ana njaa.

Hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa fundi wa maabara kwenye benki ya damu ya hospitali, na kuinamisha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Chumba chao kilikuwa mwisho wa ujia mrefu wa ghorofa ya chini, baada ya kwa dobi na kabla ya stoo ya vitanda vibovu. Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu. Mtu akisimama nje uliona rangi ya nguo yake tu. Ndani kulinukia spiriti na sabuni. Friji mbili zilinguruma kwa zamu, moja ikinyamaza nyingine inaanza. Kwenye meza ndefu ya dirishani vilipangwa vigae vyeupe vya kaure vyenye vishimo vya duara, na mbele ya vigae hivyo ndipo alipokaa kutwa. Wenzake walimwita Mama Kigae, naye aliitika kama jina la ubatizo.

Nikitoka shule nilikuwa nakaa kwenye stuli karibu na friji nikimsubiri, na kwa kuwa sikujaliwa kunyamaza, alinifundisha ili angalau niulize maswali ya maana. Alinifundisha hivi. Damu ukiiacha itulie, chembe nyekundu zinazama na juu yanabaki maji ya manjano. Ndani ya maji hayo mna kingamwili, vitu vidogo mno vinavyotengenezwa na chembe nyeupe, na kila kingamwili inashika kitu kimoja inachokijua, haihangaiki na kingine. Mtu wa kundi O, kama sisi sote nyumbani, ana kingamwili zinazoshika chembe za kundi A na za kundi B. Basi unatia tone la maji yake kwenye vishimo viwili, kimoja unaongeza chembe za A, kingine za B, halafu unainamisha. Kingamwili zikiwemo, chembe zinashikana vipunjepunje kama mchanga mwekundu. Zisipokuwemo, unabaki na maji ya waridi, laini, yanayoteleza huku na huku.

"Usiharakishe," aliniambia kila mara. "Ukiharakisha utaona unachokitaka wewe."

Juzijuzi nilipita kule kumpelekea shangazi dawa nikachungulia. Kuna mashine kubwa kama kabati, na binti aliyevaa glavu anaingiza vichupa upande mmoja, majibu yanatoka upande wa pili. Hakuna anayeinamisha kitu. Yule binti aliniuliza kwa adabu kama nimepotea njia, nikasema ndiyo, maana ningemwambia nini? Kwamba naitafuta stuli? Nilirudi nyumbani nimejaa mama tele, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuisimulia habari hii.

Tulikaa vyumba viwili nyuma ya kibanda cha baba, mlango wa mbele ukitazama barabara na wa nyuma ukitazama uwanja wa nyumba zote za pale. Baba alikuwa fundi wa redio na kanda. Wakati ule muziki ulikuwa unakaa kwenye kanda, na kanda zilikuwa na mkosi wa kuliwa na redio. Mtu alikuja mbio, utepe umechomoza nje, uso umemshuka kama amefiwa. Baba aliifungua ile kanda, akakata utepe uliokunjamana, akatupa kipande kilichoharibika, akaziunga ncha mbili kwa selotepu aliyoichana nyembamba kuliko ukucha. Wimbo uliruka neno moja au mawili pale alipounga, na mwenye kanda akaenda zake roho kwatu. Mimi aliniita Redio. Alisema katika redio zote alizowahi kufungua, mimi tu ndiye ambaye hakujua nazimwa wapi.

Mdogo wangu alizaliwa nilipokuwa nimeshachoka kuwa mtoto wa pekee. Alizaliwa na upara na mikunjo ya paji la uso, akatutazama kama mzee aliyeletewa chai ya baridi, tukamwita Kibabu. Alikuwa mnene, mtulivu, akishiba analala. Alipata chanjo zake kwa wakati. Kisha mdomoni ukaanza utando mweupe usiosikia dawa, ukiusafisha leo kesho umerudi, na kikohozi kidogo kikavu. Majirani walisema ni meno. Bibi alisema ni upepo. Mama alichukua sindano. Alimtoa damu kidogo kisiginoni, akaenda nayo kazini.

Angeweza kumpeleka kwa daktari, najua. Lakini yeye alikuwa na maabara yake na aliiamini kuliko watu. Kigae kisingemwambia kitu, kwa sababu kingamwili kubwa zile zinazoshikanisha chembe mtoto mchanga hana bado, hata awe mzima kama kigongo. Kwa hiyo akapima kingamwili za pepopunda, akijua mtoto ameshapata chanjo yake. Majibu yakaja mazuri. Akayarudia, yakaja mazuri tena.

Jioni ile alifika nyumbani anaimba, na mama alikuwa hajui kuimba hata kidogo. "Baba watoto, kinga anazo tele," alisema kabla hajavua viatu. "Chanjo ameijibu vizuri mno. Kikohozi ni cha vumbi tu, funga dirisha la kibandani."

Baba akambeba Kibabu juu kwa mikono miwili. "Mzee, umefaulu mtihani," akamwambia. "Dada yako bado anatuaibisha kwenye hesabu."

Aliwasha kanda, akaiacha iimbe mpaka upande wote ukaisha, na mama akapika huku anaiinamisha mifuniko. Naikumbuka jioni ile kuliko sikukuu zote za utoto wangu. Joto la jiko, sauti ya baba akikosea maneno ya wimbo makusudi, Kibabu kwenye mkeka akijitahidi kujipindua. Ningepewa jioni moja nirudishiwe, ningeichagua hiyo, pamoja na kwamba hatukujua kitu.

Wiki chache baadaye Kibabu alianza kupumua kwa mbavu. Safari hii mama alikimbia naye wodi ya watoto, na huko akapokewa na daktari tuliyekuja kumwita Daktari Taratibu, kwa sababu kati ya neno lake moja na jingine ungeweza kwenda kunywa maji ukarudi. Alimsikiliza kifua, akaagiza vipimo, akaja kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Mimi nilikuwa pale nimeshika mkoba wa nguo. Mama alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai na anakiinamisha bila kujua.

"Dada," daktari alisema, "ulipokuwa na mimba, ulidungwa sindano ya pepopunda?"

"Nilidungwa."

"Basi zile kinga ulizozipima wewe." Akamfunika mtoto miguu. "Zilikuwa za nani?"

Mikono ya mama ikatulia. Sikuwahi kuiona imetulia na kitu bapa ndani yake. Akamtazama Kibabu, akatazama kifuniko, akakiweka mezani taratibu kama kitu cha kuvunjika.

Alijua jibu, kwa kuwa hayo ndiyo aliyosomea. Kingamwili za mama, zile ndogo, zinapita kwenye kondo la nyuma na kumwingia mtoto tumboni. Zinamlinda miezi ya mwanzo, kisha zinaisha, na kufikia hapo mtoto anakuwa ameanza kutengeneza zake. Mama alikuwa ameyapima maji ya damu ya mwanawe akajiona mwenyewe ndani yake, akafurahi. Mama mwingine asingeweza kukosea vile. Asingekuwa na kipimo cha kumdanganya.

"Nimejipima mimi nikampongeza mtoto," alimwambia baba kwenye ujia wa wodi. Aliyasema hayo kwa macho makavu.

Daktari Taratibu hakumlaumu. Alimwambia zile kinga zake ndizo zilizomfikisha mtoto hapo alipo. Mama aliitika tu kwa kichwa, na naamini hakuyasikia. Majibu mengine yalipotoka yalionyesha kwamba chembe nyeupe za kutengeneza kingamwili Kibabu hakuwa nazo kabisa, wala zile ndugu zake zinazoua vidudu zenyewe. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni, alizaliwa nayo. Nakala moja mbovu kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na wao wenyewe wazima wasijue.

Siku mama alipotoka wodini kuja kubadili nguo, baba alifunga kibanda nusu, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. "Nieleze kama unavyomweleza Redio," alimwambia. "Mimi sijasoma, lakini huyu ni mwanangu. Hitilafu iko wapi?"

Mama akafikiri. Kisha akachukua utepe mrefu uliotupwa sakafuni, akaunyoosha juu ya meza katikati ya redio zilizofunguliwa.

"Chukulia hii ni jeni ya kingamwili," alisema. "Kila chembe ya mwili inayo, nzima. Huku mwanzoni kuna mianzo mingi, kama mianzo arobaini ya nyimbo tofauti. Hapa katikati kuna vipande vifupi vingi. Huku mwishoni kuna miisho kadhaa. Ikiwa hivi haipigi wimbo wowote."

"Kelele tu," baba alisema.

"Kelele tu. Sasa chembe nyeupe inayokua ndani ya uboho wa mfupa inajichagulia. Mwanzo mmoja, kipande kimoja cha kati, mwisho mmoja. Inakata, inavisogeza karibu, inaunga. Vilivyokuwa katikati yao inavitupa."

"Inavitupa moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Haiwezi kurudi tena. Na chembe ya pembeni yake inachagua vingine, na nyingine vingine. Ndiyo maana mwili una kingamwili za kila namna, hata za ugonjwa ambao haujaletwa bado na mtu. Haujui nini kinakuja, basi unachanganya nyimbo zote zinazowezekana."

Baba aliuinua utepe akautazama kwenye mwanga. Sasa alikuwa kwake. "Na pale kwenye kiungo? Mimi nikiunga, neno moja linaruka."

"Pale ndipo penye utamu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto augue sauti yake ikawa na uhai. "Pale chembe inaongeza herufi chache za kubahatisha na kupunguza nyingine. Kila kiungo na mkwaruzo wake. Hata chembe mbili zikichagua vipande vilevile, hazifanani."

"Na ikiunga vibaya?"

"Inajaribu tena kwenye nakala ya pili ya jeni. Ikishindwa, inakufa. Na ikitoa kingamwili inayoushambulia mwili wenyewe, hiyo nayo haiachwi. Nyingi zinakufa humo ndani bila kutoka nje."

Baba aliuzungusha utepe kidoleni. Mtu mmoja alikuja na redio mkononi, akauona uso wake, akaondoka.

"Kwa hiyo mwanangu," alisema mwishowe, "ana kanda nzima. Mianzo yote, miisho yote."

"Yote."

"Ila hana mkasi."

"Kile kimeng'enya cha kukata. Ndicho kilicho kibovu. Chembe zake zinafika mahali pa kukata, zinakwama, zinakufa."

Baba akatazama meza yake. Mkasi mkubwa, mkasi mdogo, wembe, bisibisi za kila saizi. "Nimeshika mkasi tangu kijana," alisema, "na hausaidii kitu." Akauziba uso kwa viganja na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nilikuwa mlangoni. 

Dawa ilikuwa moja: apate uboho wa mtu ambaye chembe zake zinajua kukata, na mtu huyo afanane naye kwa mambo fulani ya damu. Walitupima sote. Ikatokea kwamba mimi nafanana naye kabisa, jambo lililonishangaza, maana yeye alikuwa mtulivu.

Nilijitia ushujaa usio kifani. Shuleni nilitangaza kwamba nitatobolewa mfupa wa nyonga, na kwa siku kadhaa nilibebewa mkoba. Ilipofika siku yenyewe nilishika kitasa cha mlango wa chumba cha upasuaji, ikabidi watu wazima wawili wanibandue vidole. Nilipozinduka nyonga iliniuma kama nimepigwa teke na punda, na baba alikuwa ameketi pembeni akiniangalia.

"Redio, betri zako zimefanya kazi," alisema.

Walinipeleka kwa kiti cha magurudumu nione. Nilitarajia mitambo. Kulikuwa na mfuko mdogo mwekundu umening'inia, na mpira mwembamba ukiingia kwa Kibabu, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yote. Daktari Taratibu alisema chembe zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani, hakuna haja ya kuzielekeza.

Baada ya hapo ulianza muda mrefu wa kusubiri. Nyumbani mama aliweka sheria kama za jeshini. Viatu nje. Mikono inanawiwa mpaka viwikoni. Baba akitoka kibandani anabadilisha shati kabla ya kumshika mtoto. Mlango wa uwanjani uliwekwa wavu na komeo juu, na Kibabu alijifunza kusimama kwa kujishikilia kwenye wavu huo, akiwatazama watoto wa majirani wakicheza vumbini. Hakuna mgeni aliyevuka, hata bibi, ambaye alikasirika akasema anatengwa kama mwenye ukoma. Mama hakuambilika. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na haki zote.

Zile chembe zinazoua vidudu zenyewe zilikubali mapema. Mapafu yakasafika, utando wa mdomoni ukaisha, Kibabu akanenepa, akaota nywele, ikawa jina halimfai tena lakini tulishalizoea. Chembe za kutengeneza kingamwili ndizo zilizokaa kimya. Kwa hiyo ilibidi adungwe dripu ya kingamwili zilizokusanywa kwenye damu za watu wengi wasiomjua. Mama aliziita za kuazima. Zilikaa mwilini mwake wiki chache, zikaisha, akadungwa nyingine. Na kuna nyakati hospitali haikuwa nazo. Basi mama alirudi nyumbani midomo imemkauka, na usiku na mchana tulimsikiliza Kibabu akipumua.

Daktari alikuwa ameshatuambia bila kutuficha. Kuna watoto ambao chembe hizo huchelewa, hata miaka miwili, halafu zinakuja. Kuna ambao haziji kabisa. Huyo atategemea dripu maisha yake yote, na siku dripu ikikosekana kwa muda mrefu, basi.

Kupima kawaida hakukusaidia, maana maji ya damu yake yalijaa kinga za wageni. Hilo kosa mama alikuwa analijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Kilichobaki ni kigae. Zile kingamwili kubwa zinazoshikanisha chembe haziji kutoka kwa mama kupitia kondo, na kwenye dripu hazimo. Zikionekana, amezitengeneza mwenyewe. Lakini mama aliapa hataisoma damu ya mwanawe tena, hata kwa dawa. Aliyesoma alikuwa mkuu wa chumba, Mzee Miwani, mtu mnene mwenye pumu aliyemwita kila mtu mwanangu, hata madaktari.

Kila baada ya miezi michache damu ya Kibabu ilipelekwa, na mama alitoka nje akasimama nyuma ya kile kioo cha ukungu. Kutoka kwenye stuli niliona kivuli chake cheupe tu. Mzee Miwani aliinamisha, akasubiri, akainamisha tena. Waridi laini. Alifungua mlango akatikisa kichwa, na mama akaingia akaendelea na kazi ya damu za watu wengine. Ikawa hivyo mara ya kwanza, na ya pili, na zilizofuata. Sikuwahi kumwona akilia kazini. Nyumbani alilia akimwogesha Kibabu, ambapo maji yalimfichia.

Kibabu alikuwa anaongea sentensi ndefu tayari, na mbishi kama mawakili, siku Mzee Miwani alipoinamisha kigae akakaa muda mrefu kuliko kawaida. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Nilinyoosha shingo lakini mgongo wake ulikuwa umeziba.

"Mwanangu," aliita kuelekea mlangoni. "Njoo hapa."

Mlango ukafunguka kidogo. "Sema tu, mzee. Nimezoea."

"Njoo uangalie."

"Siangalii. Unajua kwamba siangalii."

"Mimi macho yangu yamechoka. Yako ndiyo mazima humu ndani. Sisemi kitu mpaka uangalie wewe."

Mama alinawa mikono. Alinawa mpaka viwikoni kama nyumbani, akajikausha kidole kimoja kimoja, akaja. Hakukitazama kile kigae cha mzee. Alichukua kigae kipya, akafungua chembe mpya za A na za B kutoka kwenye friji, akaweka tone la maji ya damu ya Kibabu kwenye vishimo viwili, na kwenye kingine akaweka maji ya chumvi matupu ili apate cha kulinganisha. Kisha akainamisha. Mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia. Hakuharakisha. Friji moja ikanyamaza na nyingine ikaanza.

Kwenye chumvi ilibaki waridi. Kwenye vishimo viwili vingine nikaona, hata mimi, wekundu ukianza kukatika, ukajikusanya, ukawa punje. Punje ndogo, dhaifu, za kutafuta kwa macho. Mama aliendelea kuinamisha hata baada ya hapo, kana kwamba zingeweza kubadili mawazo.

"Hizi si zangu," alisema.

"Si zako, mwanangu," Mzee Miwani alijibu.

"Wala si za dripu."

"Wala si za dripu."

Akaketi. Akalia mbele yetu bila kujificha, kigae kikiwa bado mkononi, na Mzee Miwani akamshikia kigae asikidondoshe. Mimi, kwa kuwa sikuweza kuona jambo linapita bila kutia neno langu, nikasema, "Basi ni zangu. Uboho ni wangu."

Mama alicheka katikati ya kilio. Akanivuta akaniweka kwenye goti, ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilifika chini. "Uboho ni wako," alisema. "Na mkasi ni wako, nakushukuru mpaka kufa. Lakini ulimpa chembe ambazo zilikuwa hazijakata kitu. Zimekatia humo ndani yake. Zimechagua zenyewe, zimeunga zenyewe, zimejitia mikwaruzo zenyewe. Wewe una za kwako, lakini hizi huna. Hakuna mwenye nazo duniani isipokuwa yeye."

Sasa mama hayupo, na Kibabu yule mbishi ana watoto wanaomshinda ubishi. Kila nikiona sahani tupu nawaona hao wawili, Mama Kigae na huyo mtu mnene mwenye pumu, wameinamia vishimo vya duara kwenye mwanga wa dirisha. Nawakumbuka mpaka naumwa.

Dripu hazikukatwa siku hiyohiyo. Daktari Taratibu, kwa taratibu zake, alizipunguza, akamchanja Kibabu, akapima, akachanja, akapima. Kila mara punje ziliongezeka, na ilifika alasiri mama aliporudi na habari kwamba hakuna tena miadi ya dripu. Alimwambia baba kibandani, na baba akamkabidhi mteja redio yake ikiwa nusu imefungwa.

Tukaenda sote watatu nyuma. Kibabu alikuwa mahali pake, ameshikilia wavu, anawaangalia watoto uwanjani. Mama akanyoosha mkono akafungua komeo la juu, akausukuma mlango mpaka ukagota ukutani. Kibabu hakutoka. Alimtazama mama, akamtazama baba, akanyoosha mikono yake miwili mbele ili anaweshwe, kwa sababu alijua kila mlango ukifunguliwa watu wananawa.

"Nenda tu," mama alisema.

Alishusha mguu mmoja, akauondoa, ardhi ilikuwa ya moto. Akaushusha tena. Alitembea kwa kuinua magoti juu sana mpaka katikati ya uwanja, akasimama hajui la kufanya. Mtoto mmoja wa jirani, kamasi zikimtiririka mpaka mdomoni, alimwendea, akamkagua kuanzia juu mpaka chini, akapiga chafya usoni mwake, kisha akamshika mkono.

Vidole vya mama viliniingia begani mpaka nikauma meno. Kesho yake nilikuwa na alama nne na nilimwonyesha kila mtu. Lakini mama hakumwita arudi.